AC niliyonunua Moshi: waranti ipo kwenye boksi, ugonjwa upo kwenye nati

Nilisema siandiki kitu mpaka msimu wa joto urudi nione ile AC kama bado inapuliza baridi. Sasa tupo Novemba, mtaani kwetu Pasua hapa Moshi kumeshaanza kuchemka, na AC inafanya kazi, kwahiyo naandika. Duka nawapa nyota mbili. Fundi wa mwisho ana sifa zake, ntazisema huko mbele, yeye sio wa duka.

Jina la duka siweki. Ni moja ya yale maduka ya vifaa vya umeme hapa mjini, vioo mbele, friji zimepangwa mpaka barazani, wa Moshi mnajua yapo mengi ya hivo. Na sijaandika ili wafungiwe au nini, nataka tu mtu mwingine anayeenda kununua AC ajue pale ambapo mimi niliingia kichwa kichwa.

Mimi binafsi AC nilikuwa naona ni mambo ya wenye nazo, hapa Pasua tumelala miaka yote na feni na dirisha la wavu. Ila mwaka jana mama yangu mzazi aliteleza akavunjika nyonga, akafanyiwa operesheni, na kliniki zake zikawa za karibu karibu ikabidi akae kwangu badala ya kurudi kwake Kibosho, huko juu mlimani kwenye baridi. Sasa mtu wa Kibosho, aliyezoea kulala na blanketi mbili na ukungu mlangoni, umshushe Pasua mwezi wa kumi na mbili umlaze kitandani hawezi hata kugeuka, yaani ilikuwa mateso, usiku kucha namfuta jasho na kitambaa cha maji. Mume wangu akasema basi tuvunje kile kibubu tununue AC.

Tukanunua tarehe 16 Desemba. Hiyo tarehe peke yake ilitosha kuniambia nitulie kwanza, maana wenyeji mnajua Desemba Moshi ikoje, watu wote wa Dar wameshapanda, mji umejaa magari, kila mtu anajenga kaburi au anapaka nyumba rangi, na fundi yeyote ukimpigia anakwambia yuko njiani wakati yuko Marangu. Lakini mama alikuwa anateseka, nikaenda.

AC ya BTU 12,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza), sio invata ile inayojipunguza mwendo yenyewe, ya kawaida, shilingi 1,150,000. Muuzaji kijana mchangamfu sana, "dada yangu hii ni kitu chenyewe, kompresa waranti miaka mitano, vifaa vingine mwaka mzima, likitokea lolote unatupigia tu." Nikauliza na kufunga je? "Fundi tunaye, wewe usihangaike, jioni hii hii yupo kwako." Nikalipa hela ya AC kwa lipa namba, nikapewa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, safi kabisa, kadi ya waranti ikagongwa muhuri. Ya kufunga, 120,000, akaniambia hiyo mtumie fundi mwenyewe kwenye simu yake, akanipa namba. Nikatuma palepale kaunta, na 45,000 ya paipu iliyozidi nayo nikatuma hukohuko. Shikeni hapo, maana kesi yote ilikuja kuzunguka kwenye huo muamala.

Fundi alifika saa moja usiku na kijana wake, wanamulika na tochi ya simu. Nilisimama mlangoni nikaangalia kila kitu kwasababu chumba ni cha mama na vumbi la kutoboa ukuta lilikuwa linamwagika mpaka kwenye shuka. Paipu ya kopa, yaani shaba, aliikata na msumeno wa chuma, ule ule wa kukatia nondo, akaipindisha kwa goti, akatanua mdomo wake na kile kifaa chao, akafunga nati na spana huku anaikandamiza mpaka mishipa ya shingo imetoka. Alafu akalegeza kidogo kule nje nikasikia psssss, akakaza. Nikamuuliza hiyo ni nini, akasema "natoa hewa mama, tayari." Akawasha. Dakika 50 kila kitu kimeisha. Baridi ikaja kweli, mama akafumba macho akasema "sasa mmenirudisha Kibosho bila nauli", wote tukacheka, fundi nikampa na soda.

Katikati ya Februari mama akaanza kulalamika. Nikafikiri ni joto la nje limezidi, maana Februari hapa hata ukuta unatoa joto. Nikashusha rimoti mpaka 16, wapi. Inapuliza upepo tu kama feni ya bei ghali. Kilichonishtua zaidi ni mwanangu Junior, nilimkuta nyuma ya nyumba anakwangua barafu kwenye ile paipu nyembamba ya mashine ya nje anaweka kwenye kikombe cha juisi. Nikajiuliza, ndani hakuna baridi, nje kuna barafu, inakuwaje? Luku, yaani umeme wetu wa kununua kabla, nayo ilikuwa inakimbia ajabu. Mwanzo kwa masaa sita ya usiku nilikuwa natumia kama yuniti tano, na kwa kuwa elfu moja inanipa yuniti 2.8 nilishapiga hesabu kwamba usiku mmoja wa mama ni kama 1,800, tukakubali. Sasa zikawa zinaenda saba, nane, kwasababu mashine hailali, inatafuta ile 16 usiku kucha na haiipati.

Nikapiga dukani. Siku tisa, nimehesabu, siku tisa ndo fundi akaja, yuleyule. Akachomeka geji ya kupima presha ya gesi, akaangalia sekunde tano, "gesi imeisha." Akajaza, 80,000, kwenye simu yake tena. Nikarudi dukani kuuliza mbona nalipa na waranti haijafika hata miezi miwili na nusu, yule kijana mchangamfu akanijibu bila aibu: "gesi haipo kwenye waranti dada, gesi ni kama mafuta ya gari, inatumika inaisha."

Nikaamini. Mimi najua nini kuhusu gesi.

Mwisho wa Machi, hadithi ileile, barafu ileile, Junior na kikombe chake. Safari hii nikasema hela silipi kwenye simu ya mtu, nalipa kaunta na nataka risiti. Walinizungusha kidogo, mara mashine ya EFD haina mtandao, mara subiri bosi, nikakaa kwenye kiti cha plastiki pale mpaka ikatoka. 80,000, imeandikwa kabisa "kujaza gesi AC". Hiyo risiti ndo ilikuja kuniokoa.

Mwisho wa Aprili ikaacha tena. Na hapo mume wangu akasema kitu cha maana kuliko vyote alivyosema mwaka huu: friji ya mama kule Kibosho ipo tangu 2006, nani amewahi kuijazia gesi? Kimya. Kweli, hakuna. Friji na AC ni ndugu, gesi inazunguka ndani ya paipu zilizofungwa, inaenda inarudi, haichomwi kama mafuta. Ikipungua maana yake kuna mahali inatoka. Basi! Ukijaza bila kutafuta inapotokea ni kama kumimina maji kwenye ndoo iliyotoboka alafu unamlaumu anayekunywa.

Nikaenda dukani nikiwa na hiyo hoja, na hapo ndo nikaona rangi zao. Kwanza walisema risiti. Nikafungua pochi, risiti ya Desemba imekuwa nyeupe peee kama karatasi ya kufungia maandazi, haina hata nukta. Zile karatasi za EFD ni za joto, hazina wino, na mimi nilikuwa nimeiweka kwenye droo ya kabati lililo nyuma ya jiko. "Bila risiti hakuna waranti dada." Bahati nzuri siku ile ya kununua niliipiga picha nikamtumia mume wangu Whatsapp kumuonyesha bei, tukaitafuta ikaonekana, namba ya uhakiki inasomeka na saa inasomeka, tukaingiza kwenye ukurasa wa TRA, mamlaka ya mapato, wa kuhakiki risiti ikatokea yote, jina la duka, kiasi, tarehe. Nikawaonyesha kwenye simu. TRA wanaimba kila siku ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti, mimi naongezea uipige picha palepale.

Wakahamia kwenye umeme. Umeme wa Pasua ni mdogo, umeua AC, na waranti haihusiki na umeme mdogo. Hili ntalirudia chini.

Alafu ikaja ile ya kunimaliza kabisa. Meneja alitoka mwenyewe ofisini, mzee wa heshima, nikamsalimia shikamoo, akaniambia kwa upole kabisa: "mwanangu, waranti ni ya kiwanda, inahusu mashine. Kufunga ni kazi ya fundi, na fundi sio mwajiriwa wetu, sisi tunawaunganisha tu." Nikasema lakini mlisema fundi tunaye. "Ndio, tunaye wa kuwaunganisha." Akaniuliza, "na hela ya kufunga ulimlipa nani?" Nikanyamaza, maana nilituma kwenye simu ya mtu binafsi. Sina karatasi inayosema duka lilinifungia AC. Nilitoka pale natetemeka, kwa hasira au kwa njaa hata sijui.

Sasa aliyenisaidia ni dada mmoja wa kaunta, alinifuata mpaka nje anajifanya anaitupia bajaji macho, akanong'ona: "dada andika barua, ya mdomo hapa huwa inaishia kwenye kaunta. Na usiruhusu mtu mwingine aifungue hiyo mashine kabla hawajajibu, watakuruka." Huyo dada Mungu ambariki.

Nikaandika barua. Ukurasa mmoja tu: nilinunua lini, iliacha lini na lini na lini, nimelipa gesi mara mbili, naomba ndani ya siku saba mje mtafute inapovuja. Chini nikaweka nakala kwa Tume ya Ushindani, FCC. Hao kazi yao sio ushindani wa makampuni tu kama jina linavyosikika, Sheria ya Ushindani namba 8 ya 2003 imebeba na mambo ya kumlinda mlaji, mdogo wangu anayesoma sheria ndo alinipa hiyo. Nikapeleka mbili, moja wakaigonga muhuri wa kupokea nikabaki nayo. Hiyo ya muhuri msiisahau, bila hiyo barua ni karatasi tu.

Siku saba zikapita hamna aliyekuja. Jirani akanipa namba ya fundi wa AC anayekaa mtaa wa Majengo, kijana tu, nikamueleza hofu yangu ya kufungua mashine, akasema "sifungui kitu mama Junior, naomba sponji ya vyombo na sabuni ya maji." Nikamuona kama anatania.

Akasema AC izimwe kwanza, tukae kidogo, kwasababu ikizimwa presha inakuwa sawa pande zote na gesi iliyobaki inasukuma vizuri kwenye ufa. Akachovya sponji, akaikamua povu zito kama la kuogea, akalipaka kwenye nati nne, mbili za nje na mbili za ndani, alafu akakaa kwenye tofali akawa anaangalia tu. Mimi nasimama nasubiri muujiza. Nati tatu povu likakaa linafifia polepole. Ya nne, ya paipu nene kule nje, povu likaanza kutoa vitone, kimoja, kingine, vidogo kama mayai ya samaki, vinavimba vinapasuka vinavimba tena. "Unaona mama? Inapumua." Akanionyesha pia kwamba chini ya hiyo nati kuna mafuta mafuta yameshika vumbi, akasema gesi inatembea na mafuta ya kompresa, ukiona kopa ina unyevu wa mafuta kwenye maungio na vumbi limenata, hapo hapo ndo pa kuanzia, hata sponji huhitaji. Yaani yule fundi wa kwanza aliinama hapo hapo mara mbili kuchomeka geji, mafuta yakiwa yanamuangalia!

Na umeme? Akatoa mita yake tukasubiri saa mbili usiku watu wote wamewasha majiko na TV, ikasoma volti 218. Kibandiko cha mashine kinasema 220 mpaka 240, yaani pungufu ya mbili tu. Akacheka. "Umeme mdogo kweli unaua kompresa, hilo wasikudanganye, tena nunua gadi ya kulinda umeme. Ila umeme mdogo hautoboi paipu."

Nikarekodi video ya yale mapovu, sekunde 40, nikarudi nayo dukani na barua ya pili. Nilimuomba meneja aiangalie mwenyewe bila yule kijana. Akaangalia mara mbili. Akasema fundi aliharibu, atamtafuta. Tukampigia pale pale, simu haipatikani, na mpaka leo kwangu haipatikani. Tukabishana kama saa nzima, kwa heshima lakini tukabishana, mwisho akakubali kurudisha ile 80,000 yenye risiti ya duka lake, kwasababu hiyo walipokea wao na kazi haikufanyika. Ile 80,000 ya kwanza, na 120,000, na 45,000, akasema hizo nimdai niliyemtumia. Nikamwambia basi niandikie kwamba naweza kutumia fundi wangu kurekebisha maungio na waranti ya kompresa ibaki palepale. Alisita, akaandika kwa mkono nyuma ya kadi ya waranti, akasaini, akagonga muhuri. Hiyo sentensi moja naithamini kuliko ile 80,000.

Fundi wa Majengo akaja Jumamosi. 150,000 kila kitu, na gesi ndani. Alipofungua ile nati akaniita nione mdomo wa kopa, una ufa mwembamba kama unywele, na ukingo wake una menomeno ya msumeno. Akasema kopa inakatwa na kikatio chake cha kuzungusha, na ukikaza nati kwa hasira unaupasua mdomo wenyewe unaotakiwa kuziba. Akakata sentimita chache, akatengeneza mdomo mpya, akapaka mafuta kidogo, akafunga na spana inayolia kak ikifika kipimo. Akasukuma naitrojeni ndani kupima kama bado panavuja, tukaiacha saa nzima, mshale wa geji haukusogea. Alafu akawasha pampu ya kunyonya hewa, dakika 40, inanguruma kama mashine ndogo ya kusaga, mama akauliza mnasaga nini huko. Ile psssss ya fundi wa kwanza ilikuwa ndo mbadala wa hii pampu, njia ya mkato, unyevu na hewa vinabaki ndani vinachanganyika na mafuta na vinaila kompresa taratibu. Mwisho akaweka mtungi wa gesi juu ya mizani, ndogo kama ya bucha, akaangalia kibandiko cha mashine, gramu 820, akaweka gramu 820. Yule wa kwanza alikuwa anajaza kwa kushika paipu na mkono na kusikilizia.

Kichekesho ni kwamba ilikuwa katikati ya Mei. Masika imelowesha mji, Moshi nzima imevaa sweta, mama anaomba blanketi, na mimi nimesimama chumbani nimeelekeza mkono kwenye AC nafurahia baridi peke yangu kama chizi. Mama alirudi Kibosho mwezi wa sita, anatembea na fimbo, na tangu joto lilivyoanza nawasha kila usiku nione, baridi ipo, paipu haina barafu, Luku imerudi kwenye zile yuniti tano. Junior tu ndo amepata hasara.

Kwahiyo bidhaa yenyewe sina ugomvi nayo, mashine ilikuwa nzima siku zote. Ukienda kununua, wao au wengine, hela ya kufunga ilipie kaunta, kwenye risiti ileile ya AC, iandikwe "pamoja na kufunga". Wakikataa, usimchukue fundi wao, tafuta wako, na muulize kabla hajapanda ngazi: una pampu? una mizani? Akikwambia havihitajiki mpe nauli arudi.

Nyota mbili. Moja ni ya ule muhuri wa meneja nyuma ya kadi. Ya pili ni ya yule dada wa kaunta, na nikipita pale nikimkuta namuachia parachichi za Kibosho.